Ugonjwa wa Katekista na Namba Yake

Waumini wa kigango kimoja nje kidogo ya Butiama walikuwa wameanza kumsifia katekista wao, Mwalimu Stanislausi, kwa mahubiri mafupi. Zamani, Jumapili ambayo padri hakufika, Stanislausi aliweza kueleza mfano mmoja wa Injili mpaka watoto wakasinzia na akina mama wakaanza kufikiria sufuria walizoacha motoni. Sasa alikuwa anasoma, anaeleza kidogo, anafunga ibada, na kabla wimbo wa mwisho haujaisha alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Watu wakasema mzee amebadilika. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anawahi choo.

Na huko chooni hapakuwa na jambo la kuisha upesi. Alisimama mkono mmoja ukutani, akakaza tumbo, akangoja. Mkojo ulitoka mwembamba kama uzi, mara nyingine ukagawanyika pande mbili, ukakatika katikati, ukaanza tena. Akitoka pale jasho limemlowesha mgongo, na bado anajisikia hajamaliza. Hali hiyo ilikuwa imeanza pole pole, miaka kadhaa nyuma, na kila mwaka alijiambia kwamba mwaka huu lazima aende hospitali. Alijua ni tezi dume, ugonjwa wa wazee. Mkewe Lukresia alikuwa anamsikia usiku akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, lakini alipouliza alijibiwa kwamba ni baridi tu.

Siku mambo yalipoharibika, Stanislausi alikuwa mnadani Kiabakari na shemeji yake, Wambura, kuangalia dume la ng'ombe. Tangu asubuhi hakuwa amepata hata tone. Ilipofika saa sita tumbo la chini lilikuwa gumu kama jiwe, akawa hawezi kusimama wala kukaa. Wambura alimkuta ameinama nyuma ya lori, ameshika gurudumu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, una nini?"

"Nipeleke Musoma," Stanislausi akasema. "Usiniulize njiani."

Wambura hakumuuliza njiani. Alimtafutia gari, akakaa naye nyuma akimshika bega mpaka wakafika hospitali moja ya mjini. Hapo daktari kijana alijaribu kupitisha mpira wa mkojo, ukagoma. Akachukua mwembamba zaidi, nao ukagoma, ukatoka na damu. Mwishowe akamchoma ganzi chini ya kitovu, akatoboa tundu dogo, akapitisha mpira hapo. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko, Stanislausi alilia, na wala hakuona aibu kulia. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba gunia la mahindi kichwani siku nzima halafu likashushwa na watu wengine.

Baadaye alipigwa picha, akasukumiwa dawa kwenye njia ya mkojo ili ionekane vizuri. Daktari akamwonyesha: njia inakuja pana, halafu mahali pamoja inakuwa kama uzi, halafu inaendelea.

"Siyo tezi dume, mzee. Njia imebana. Hapa pana kovu, na kovu hili limeachwa na maambukizi ya zamani. Inabidi uende Bunda, kuna daktari bingwa anafanyaga hizi kazi. Nakuandikia rufaa."

Stanislausi akapokea bahasha, akashukuru. Aliruhusiwa na mfuko wake wa mkojo ukiwa umefungwa pajani chini ya suruali, akaenda kupumzika kwa bintiye, Happyness, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi mtaa wa Iringo, hapo hapo mjini. Bima aliyotibiwa nayo ilikuwa ya kazi ya Happyness, kwa hiyo alimkabidhi ile bahasha.

Happyness alikaa kwenye kochi akaisoma ile karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, na Stanislausi, aliyeishia darasa la saba, alimwangalia usoni akingoja atafsiriwe. Happyness alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaikunja.

"Wameandika nini?"

"Wameandika uende Bunda, baba."

"Basi?"

"Basi."

Akaingia jikoni. Jioni hiyo Lukresia alifika kutoka Butiama na kikapu cha viazi, akamkumbatia mumewe, akamwangalia ule mpira, akasema Mungu ni mwema. Kisha akamfuata binti jikoni. Stanislausi aliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, Kizanaki kikichanganyika na Kiswahili. Lukresia alipotoka na sahani ya ugali na sato, aliiweka mezani bila kumwangalia.

"Karibu chakula, Mwalimu," akasema.

Hilo neno lilimshtua. Kigango kizima kilimwita Mwalimu, lakini mkewe, tangu mtoto wa kwanza azaliwe, alimwita Baba Happy. Alidhani amechoka na safari. Lakini siku zilizofuata, hata walipokwisha kurudi Butiama, ikawa ni hivyo hivyo. Lukresia alimwaga mkojo wa kwenye mfuko, alimchemshia maji ya kuoga, alimpikia uji, kila kitu kwa wakati wake. Ila maneno yalikuwa yamekwisha. Ni Mwalimu uji huu hapa, Mwalimu maji tayari. Happyness naye, ambaye alikuwa anapiga simu kila jioni, sasa alituma ujumbe mfupi kwa mama yake tu.

Siku moja walikuwa nyuma ya nyumba, Lukresia anamenya mihogo, yeye amekaa kwenye kigoda akijipa kazi ya kunoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Akaona bora aulize.

"Mama Happy, nimekukosea nini?"

Lukresia aliendelea kumenya. Alimaliza muhogo mmoja, akaudumbukiza kwenye maji.

"Ile karatasi imeandikwa kisonono," akasema. "Happyness ameisoma mara mbili. Njia yako imebana kwa sababu ya kisonono."

Stanislausi alihisi masikio yanawaka moto. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mkali, mbishi, mtu wa kushika sheria kuliko padri. Hili hakuwahi kuitwa.

"Mimi?"

"Siyo mimi ninayesema. Wamesema hospitali. Uliniletea mwanamke gani, na lini, sijui. Sitaki hata kujua. Ila nimekufulia nguo miaka yote hii."

"Lukresia, sijawahi."

"Basi hospitali wameokota wapi?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye mwenyewe alianza kujichunguza, anarudi nyuma mwaka kwa mwaka kama mtu aliyepoteza ufunguo, anatafuta mahali ambapo ugonjwa kama huo ungeweza kuingia. Alipoona hapaoni akakasirika. Akasema Bunda haendi. Akafike pale na ile karatasi, manesi waisome, wamwangalie hivi, wapite wakinong'ona? Na kama kuna mtu wa parokiani kalazwa hapo? Afadhali akae na mpira wake tumboni mpaka kufa.

Akakaa nao kweli. Kigangoni aliagiza msaidizi wake, Bernado, aongoze ibada, akasema anaumwa mgongo. Tundu la tumboni likaanza kuwasha na kutoa majimaji. Akipata homa kidogo alijifunika blanketi na kugeukia ukutani, na Lukresia akawa anasimama mlangoni, anamtazama, anaondoka.

Asubuhi moja aliingia na suruali yake nzuri ameshaipiga pasi.

"Vaa. Tunaenda Bunda."

"Nimeshasema."

"Nimesikia ulichosema. Sasa sikia na mimi. Kama ni kweli, nataka nimsikie daktari akiniambia mwenyewe. Na kama siyo kweli nataka nimsikie huyo huyo. Mimi hapa katikati siwezi kukaa, naumwa kuliko wewe."

Akavaa.

Hospitali ya Bunda, kabla ya kumwona daktari, walipitia dirisha la kumbukumbu. Aliyekuwepo aliitwa Miriamu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Akawasalimia shikamoo wote wawili, akapokea rufaa, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Stanislausi aliinamisha kichwa akiangalia sakafu. Sasa anafika, alikuwa anawaza. Sasa amefika kwenye hilo neno.

Miriamu akaacha kuandika. Akavaa miwani, akaisoma karatasi kwa karibu, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu kimebandikwa.

"Mzee, walikupima? Walichukua usaha au mkojo, ukapewa majibu?"

"Walinipiga picha tu. Na kuniwekea huu mpira."

"Hamna karatasi nyingine ya maabara?"

"Hamna."

"Sawa. Msiwe na wasiwasi, naomba mkae hapo ndani, siyo kwenye foleni. Nataka daktari aone hiki kitu kabla sijaendelea."

Stanislausi akaona dunia imemwangukia. Lukresia akamshika kiwiko, akamwongoza ndani. Ni mara ya kwanza kumgusa bila kuwa na kazi ya kufanya tangu watoke Musoma, na hata yeye Lukresia ni kama hakujua kwamba amemshika.

Daktari bingwa, Dokta Eliasi, alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya pole. Alifunga mlango, akaweka picha ya Stanislausi kwenye mwanga, akaitazama kwanza. Ndipo akachukua ile rufaa.

"Mzee, hapa kuna mambo mawili hayakubaliani. Daktari ameandika kwa mkono kwamba njia imebana baada ya maambukizi. Hajataja maambukizi gani. Lakini hapa juu palipochapwa pana namba, na namba hiyo ni ya kisonono. Miriamu ameniletea kwa sababu hawezi kuingiza vitu viwili tofauti, na bima nao hawatatoa kibali cha upasuaji wakiona hivyo. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Uliwahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba una kisonono?"

"Hapana."

"Uliwahi kutokwa na usaha?"

Stanislausi hakutaka kudanganya, na hakukumbuka. Lukresia ndiye aliyesogea mbele kwenye kiti.

"Daktari, naweza kusema?"

"Mama, mzee akiruhusu."

Stanislausi akaitikia kwa kichwa.

"Kuna kipindi aliumwaga sana. Mwaka wa zile mvua za Elinino, nilikuwa na mimba ya binti yetu huyu Happyness. Alishikwa homa, akawa akienda kukojoa analia kama mtoto, na mkojo una rangi ya chai. Barabara zilikuwa zimekatika, Musoma hakufikiki. Tulimpeleka kwenye zahanati, yule mganga akasema ni mkojo mchafu, akamchoma sindano na kumpa vidonge. Alikaa ndani wiki nyingi. Mimi ndiye nilikuwa namshika akienda chooni." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimesahau kabisa. Hata juzi hapa sikukumbuka."

Stanislausi alimgeukia. Ndiyo. Mvua ikipiga bati, ndoo kando ya kitanda, Lukresia na tumbo lake kubwa akimwinua kwa makwapa. Yote yalikuwepo, alikuwa ameyaweka mahali akayasahau kwa kuwa yalipita na mtoto akazaliwa.

"Walimpima siku hizo?" daktari akauliza.

"Apimwe na nini, daktari? Hata darubini hawakuwa nayo."

"Na wewe mama, uliugua?"

"Sikuugua. Nilijifungua salama, na wengine watatu baadaye."

Dokta Eliasi aliandika kwa muda. Kisha akaweka kalamu.

"Nitawaambia ukweli, maana mmetoka mbali. Kisonono kinaweza kuacha kovu kama hili. Na vijidudu vingine vya njia ya mkojo navyo vinaweza. Ilikuwa kipi mwaka ule, hakuna mtu duniani anayeweza kujua leo. Mimi sisemi ni hicho, wala siapi kwamba siyo. Ila jambo lisilopimwa na lisilojulikana haliandikwi kama vile limejulikana. Ninaandika yale ambayo mama ameeleza na yale ninayoyaona kwenye picha. Basi."

Akachukua simu, akampigia yule daktari wa Musoma mbele yao. Waliongea kidogo, dokta akitikisa kichwa. Alipokata akawaeleza: daktari kijana aliandika maambukizi tu, na dirishani mtu mwingine, foleni ikiwa imejaa, alitafuta kubana kwa njia ya mkojo kwenye kompyuta akachagua mstari wa kwanza uliotokea. Ukishachagua namba, kompyuta inachapa jina la ugonjwa lenyewe. Daktari kijana aliomba radhi na alikuwa anataka kuzungumza na mzee.

Stanislausi akapokea simu. Alimsikiliza kijana wa watu akisema pole, mzee wangu, pole sana, na alikuwa ameandaa maneno makali tangu Butiama, lakini hayakuja. "Haya, baba," akasema. "Ulinitoa mkojo siku ile. Mungu akubariki."

Walirudi kwa Miriamu, naye akachapa upya, akawageuzia kompyuta wajionee.

"Ni herufi N, thelathini na tano, nukta moja," akasema, akiwaonyesha kwa kidole. "Maana yake, njia ya mkojo kubana baada ya maambukizi. Aliyeumia, tuseme kwa ajali, ana namba yake. Aliyeumizwa na mpira wa hospitali ana yake. Kisonono nacho kina yake, kiko kwenye herufi nyingine kabisa. Hii ni ya mtu ambaye tunajua ni maambukizi, lakini hatujui ni yapi."

"Haisemi yapi?" Stanislausi akauliza, ili asikie mara ya pili.

"Haisemi, mzee. Na hata ingesema, mimi hapa nikifunga dirisha sijui habari ya mtu. Hata wa kisonono anakuja, anatibiwa, anaenda nyumbani kwake."

Stanislausi alimwangalia huyu mama, akafikiria jinsi alivyokuwa tayari kufa kwa kuogopa macho ya watu kama yeye. Aliona haya kidogo, lakini ilikuwa haya nyepesi, ya kubebeka.

Nje, chini ya varanda, Lukresia alisimama pembeni akapiga simu Iringo. Hakunong'ona. "Happyness? Sikiliza. Walikosea namba... Eeh, namba. Baba yako aliugua wewe ukiwa tumboni, nimemweleza daktari mwenyewe... Hapana, usilie kazini. Utakuja akishapasuliwa." Akakata, akaja akakaa karibu na mumewe kwenye benchi.

"Baba Happy," akasema, "ungeniambia kwamba unaumia usiku, tusingefika huku."

"Niliona aibu."

"Kwangu?"

"Kwako zaidi."

Lukresia akafikiri. "Na mimi nilipaswa kukuuliza vizuri," akasema. "Nilikuwa na hasira mpaka kichwa kikawa hakifanyi kazi."

Wakakaa hivyo mpaka nesi akaja kuwaita.

Upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata. Alichomwa ganzi ya mgongoni, akawa macho muda wote, anasikia vyuma na mazungumzo ya manesi kuhusu harusi ya mtu. Dokta Eliasi alikata kile kipande chenye kovu na kuunganisha sehemu nzima kwa nzima. Kipande chenyewe hakikufika hata urefu wa ukucha wa kidole gumba. Stanislausi alionyeshwa kwenye kichupa, akashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kilikuwa kimemtawala mtu mzima.

Happyness alifika Jumamosi, na mwanawe Clever mgongoni. Alisimama miguuni pa kitanda akichezea kamba ya pochi.

"Nisamehe, baba. Niliona ile karatasi nikaiamini."

"Hata mimi ningeiamini," Stanislausi akasema. "Imegongwa muhuri."

Happyness akacheka huku machozi yanamtoka, na mtoto naye akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Kisha wakazungumza habari nyingine: shule, mvua, na kama ni kweli Bernado anahubiri vizuri kuliko katekista. Lukresia alisema ni kweli kabisa.

Ilipofika siku ya kutoa mpira, Stanislausi hakulala usingizi mzuri. Kama njia ingegoma tena? Nesi alimtolea, akampa kikombe cha maji, akamwambia atembee tembee mpaka ajisikie. Alitembea kwenye korido huku Lukresia akimfuata nyuma, mpaka akasema haya, naona sasa, akaingia chooni akafunga mlango.

Lukresia alisikia. Na mtu aliyekuwa anapita kwenye korido amebeba ndoo naye alisikia. Ulikuwa mkojo wa mtu mzima, mmoja, wenye nguvu, hauna kukatika, unapiga kwenye bakuli la choo kwa sauti ambayo Stanislausi hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. Ulipoisha aliendelea kusimama pale, hakuwa na haraka ya kutoka. Mwili wake wote ulikuwa umelegea kama mtoto aliyeshiba.

Alipofungua mlango, Lukresia alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni, anajizuia kucheka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," akasema. "Nimemaliza kweli."

Dokta Eliasi aliwaonya kwamba kovu linaweza kurudi, kwa hiyo arudi kukaguliwa, na akiona mkojo unaanza kuwa mwembamba asingoje. Stanislausi amekwenda Bunda mara kadhaa tangu hapo, na kila mara Lukresia anakwenda naye, anakaa ndani ya chumba cha daktari, na akiulizwa hali yake usiku ni yeye anayejibu kwanza. Mpaka sasa mambo ni mazuri. Mara ya mwisho walimaliza mapema, wakapita sokoni kununua dagaa na sabuni, na wakati wakingoja gari Lukresia alimwambia mumewe kwamba Wambura amesikia kuna dume zuri huko Kiabakari, kama bado anataka kwenda kuliangalia.

"Twende wote," Stanislausi akasema.